Haki ya Kukaripiwa

Ninyi mlioingia kazini baada yangu mliniomba niwaandikie. Nadhani mlitaka vipimo: upana wa mlango, urefu wa meza, mteremko wa saruji. Vipimo vyote vimo kwenye daftari kubwa la ofisini, na mwenye macho atavisoma. Mimi nitaandika yale ambayo daftari halikuyapokea: jinsi nilivyojifunza kazi hii ya kufungua maduka, karakana na mashine za kusaga ili watu wenye ulemavu waingie, wanunue, na zaidi ya yote wafanye kazi humo. Nilijifunza polepole. Kichwa changu ni cha seremala, jambo haliingii bila kupigwa nyundo.

Sikuanzia huko. Nilianza kama mtengeneza magongo, katika karakana ya mbao kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka Kirotshe. Siku ya kwanza mkuu wa karakana alinipa randa isiyokuwa na makali akaniambia nitengeneze jozi moja ya bekiye, ndivyo kwetu tunavyoyaita magongo ya kutembelea. Nilinoa randa asubuhi nzima. Mchana nikachagua mkaratusi uliokauka vizuri, nikaulainisha mpaka ukang'aa, na chini nikafunga mpira wa tairi ili gongo lisiteleze. Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa nyuma ya ukuta iliingia kwenye mbao zote. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki mkavu nakumbuka jozi ile, na jinsi nilivyojivuna nayo.

Aliyeipokea alikuwa Mama Sifa, mchuuzi wa vitenge aliyeugua polio utotoni, mguu wake wa kuume ukabaki mwembamba usiobeba mwili. Baada ya wiki tatu alirudi. Bekiye zilikuwa kama mpya.

"Hujazitumia, Mama?" nilimuuliza.

"Nimezitumia. Bekiye yako iko muzuri sana, Papa Hangi. Lakini inanifikisha wapi? Inanifikisha ku ngazi ya butike, njo mwisho. Pale ninasimama inje, ninaita, sawa muntu anaita kuku."

Nilimwambia kwamba mimi ni seremala wa bekiye, ngazi si zangu.

"Ukitengeneza bekiye mia moja," akasema, "utakuwa umetuma bantu mia moja ku ngazi."

Nilikasirika. Mtu akiwa amelainisha mbao siku mbili hapendi kuambiwa maneno hayo. Lakini kesho yake nilimfuata sokoni nione mwenyewe. Duka la kwanza lilikuwa na ngazi nne. La pili lilikuwa na mbili, na mtaro mbele yake. Kwa kinyozi mlango ulikuwa mwembamba mpaka mimi mwenyewe nilipita kwa ubavu. Mama Sifa alisimama tu mbele ya kila mlango, akanitazama, akaendelea.

Miezi michache baadaye, yeye na wenzake wa vilimani na wa kando ya ziwa walianzisha shirika letu dogo, hili mnalofanyia kazi sasa. Yeye alikuwa mkuu, mimi fundi. Wiki ya kwanza alinikataza kabisa kugusa msumeno.

"Weka mita mu mufuko," alisema. "Usipime mulango. Pima kwanza muntu."

Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa kibaiskeli cha kuendeshwa kwa mikono, la pili kiwiko cha mtu aliyekaa, la tatu mwisho wa mkono wake ulionyooshwa. Tulikwenda nayo kila mahali. Mwenye duka akisema mlango wake unatosha, Mama Sifa hakubishana. Alinyoosha kamba mlangoni, akamwacha aangalie mwenyewe fundo linaangukia wapi.

Majibu ya wenye maduka yalikuwa ya aina moja. Wengi walisema hawana shida na walemavu, bali walemavu wenyewe hawaji kwao. Mmoja, mwuza mabati, aliapa kwamba katika miaka yake yote hajaona hata mmoja akinunua bati.

"Papa," Mama Sifa alimwambia kwa heshima zote, "uko na ngazi ine. Walikuwaka wanakuja, wanaangalia ngazi, wanaenda kununua kwa jirani."

Mwuza mabati huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuita. Wafanyabiashara wanasikia haraka wakitajiwa jirani.

Nitawaambia pia kosa langu la kwanza, kwa sababu daftari halisemi. Mbele ya duka moja la dawa niliondoa ngazi nikamwaga mteremko wa saruji. Niliufanya mfupi ili nisizibe njia. Siku ya kuujaribu tulimwita Papa Bauma, mzee mnene mwenye kibaiskeli cha mikono, na watu wakakusanyika. Alipanda mpaka nusu. Akasimama. Akatuangalia kwa huruma, kama mtu anayeaga, kisha akaanza kurudi nyuma, na mwisho wa safari yake ulikuwa beseni la sambaza la mama mmoja aliyekuwa akiuza kando ya barabara.

"Kama ulikuwa unataka sambaza, Papa," yule mama alisema akiokota samaki wake, "ungeniita tu, ningekuletea!"

Papa Bauma hakuumia. Saruji yangu niliivunja siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Tangu hapo nashika kanuni moja: kwa kila kiganja unachopanda, weka viganja kumi na viwili vya urefu. Ila kwetu Masisi, nani ana nafasi ya viganja kumi na viwili? Nyumba zimebandikwa kwenye kilima, upande mmoja unaning'inia na mwingine umezama kwenye udongo. Nilisumbuka na hesabu hiyo karibu mwaka mzima, mpaka tulipokwenda kwa familia moja ya wakulima wa juu ya Masisi waliokuwa na depo ya viazi. Mama mwenye depo aliniangalia nikipima mbele, nikipima tena, nikikuna kichwa. Akaniuliza kwa nini napigana na mlima. Akanizungusha nyuma ya nyumba. Pale udongo ulikuwa umefika sawasawa na sakafu. Tulitoboa mlango upande ule, tukalaza mawe bapa, na kazi ikaisha kwa siku mbili bila mfuko hata mmoja wa saruji. Tangu siku hiyo kila nikifika mahali nazunguka nyumba kwanza kabla sijasalimia. Wengine walidhani mimi ni mpelelezi.

Basi tulikuwa tumejifunza milango. Tulidhani tumeijua kazi. Kisha tukapigiwa simu kutoka Mweso.

Aliyepiga alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, mwenye lori mbili na mashine ya kusaga iliyokuwa maarufu kwenye barabara ya Kitshanga. Juu ya injini alikuwa ametundika rozari, nayo ilikuwa nyeupe kwa unga. Mfanyakazi wake mmoja alikuwa ameondoka, akabaki na Innocent peke yake, mtu mzima, baba wa watoto wanne, aliyekuwa amekaa kwenye mashine ile miaka saba. Sisi tulikuwa tukimtafutia kazi Riziki, msichana wa Mweso aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa homa akiwa mdogo, akasoma shule ya viziwi Goma, akarudi na lugha ya mikono ambayo nyumbani kwao hakuna aliyeijua. Alikuwa na nguvu, na mahindi aliyajua kwa kuyagusa: akitia mkono kwenye gunia alikuambia kama yamekauka.

Papa Kambale alimtazama, akatutazama sisi.

"Sina ubaya naye," alisema. "Lakini mashine ikianza kupiga makelele mubaya, atasikia namna gani?"

Mama Sifa akageuka. "Papa, uliza kwanza huyu wako kama anasikia."

Papa Kambale akamwita Innocent, aliyekuwa hatua tatu nyuma yetu. "Innocent! Mashine ikiharibika, unaisikia?"

"Eh?" akajibu Innocent.

Riziki alipata kazi.

Nilifurahia kuupanga ule mradi. Nilitoboa dirisha kati ya chumba cha injini na mahali pa kupokelea wateja ili Riziki aone nyuso. Nilifunga kamba, mteja akiivuta kifuniko cha bati nilichokipaka rangi nyekundu kinainuka mbele ya macho yake. Nikachora ubao: hindi, muhogo, mtama, unga laini, unga mzito. Mteja anagusa picha, kazi inaanza. Na meza ya kuchambulia nafaka niliihamisha kutoka mlangoni nikaiweka kando ya dirisha jipya, ili achambue huku akiona watu. Akina mama wa Mweso walizoea ubao kwa siku mbili, hata wale wasio viziwi, maana kando ya mashine ile sote tulikuwa viziwi. Innocent alijifunza mikono ya Riziki haraka kuliko mtu yeyote. Aliniambia kwamba kwa miaka saba alikuwa hajazungumza na mtu kazini, na sasa walikuwa wakipiga soga siku nzima. Nilirudi Kirotshe nikiimba.

Miezi kadhaa ikapita. Kisha simu.

"Kuja muchukue muntu wenu," alisema Papa Kambale, akakata.

Mama Sifa aliiweka simu mezani. "Umesikia? Zamani alikuwa anaitwa Riziki. Sasa iko muntu wetu."

Njiani tulipata habari kamili. Kipande cha jembe, kikubwa kama kidole gumba, kilikuwa kimejificha ndani ya gunia la mahindi. Riziki alikuwa kwenye meza ya kuchambua, kikampita, kikaingia kinywani mwa mashine. Chujio la chuma likapasuka, nyundo mbili za ndani zikapinda. Chujio jipya lilipaswa kutoka mbali, na barabara ilikuwa ile mnayoijua. Wakati ule Mweso ilijaa familia zilizokimbia kutoka vijiji vya jirani, na wengi wao chakula chao kilikuwa mahindi ya kugawiwa. Tulipofika tuliona mabeseni yamepangwa mbele ya mashine iliyokufa, kila moja na jiwe dogo juu yake la kuonyesha mwenyewe. Wenyewe walikuwa wamekwenda kuchemsha mahindi mazima kwa watoto. Hakuna aliyetutukana. Ningependa wangetutukana.

Riziki alikuwa amefukuzwa tangu siku ya kwanza ya uharibifu. Innocent alikuwa akifagia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa.

Kabla ya kwenda kwa Papa Kambale nilifanya kile ambacho Mama Sifa alinifundisha: nilikaa mahali pa mfanyakazi. Nilivuta kigoda cha Riziki mpaka kwenye meza, nikaangalia chini. Ile meza niliyoihamisha kwa werevu wangu ilikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Mlangoni ilikuwa inapata mwanga. Kwenye dirisha langu, kuanzia mchana, mahindi na mawe vilikuwa na rangi moja.

"Ni mimi," nilimwambia Mama Sifa. "Ni meza yangu. Nitamwambia Papa Kambale, atamrudisha Riziki. Kosa si lake."

Nilidhani angefurahi. Alifikiri kwanza, akasema, "Tumuite Riziki mwenyewe asikie vile unataka kusema juu yake."

Tukakutana wote mbele ya mashine: Papa Kambale na mikono nyuma, Mama Sifa kwenye benchi, mimi na kofia mkononi, na Riziki katikati. Innocent alisimama kando ili atafsiri, maana hakukuwa na mwingine. Nikakiri. Nilisema meza ni yangu, kivuli ni changu, binti hakuweza kuona, kwa hiyo hana kosa. Innocent alitafsiri kwa mikono. Nilikuwa tayari kushukuriwa, nawaambia ukweli.

Riziki alikunja uso. Mikono yake ikaanza kwenda haraka.

"Anasema meza iko na kivuli, ni kweli," Innocent alitafsiri. "Anasema alikuwa anataka kukuambia tangu mwezi ile ya kwanza, Papa Hangi, lakini haukumuuliza."

Nilitazama kofia yangu.

"Lakini anasema ile siku haikukuwa kivuli. Ilikuwa asubuhi. Mwangaza ilikuwa mingi. Anasema..." Innocent akasita, akamtazama Riziki ahakikishe. "Anasema bibi arusi alikuwa anapita ku barabara. Aliangalia nguo ya bibi arusi. Njo kile kipande kikapita."

Papa Kambale alifungua mikono kama mtu aliyeletewa ushahidi wake mwenyewe. "Munaona? Anakubali!"

Riziki hakuwa amemaliza. Alimgusa Innocent begani, akamwonyesha mashine, akamwonyesha Innocent mwenyewe, akaendelea. Innocent aliangalia mikono ile, lakini kinywa chake hakikufunguka.

"Anasema nini?" Papa Kambale aliuliza.

"Anasema... ni kitu ya zamani tu, Papa."

"Sema vile anasema."

Innocent akatii. "Anasema wakati wa mavuno ya maharage, Innocent alipitisha musumari. Chujio ilipasuka pia. Anasema Papa Kambale alinunua ingine, na Innocent iko hapa, anafagia."

"Na weye unasema nini juu ya hiyo?"

"Miye ninatafsiri tu, Papa."

Mama Sifa aliangalia pembeni, mabega yake yakitikisika. Lakini Riziki hakucheka. Mikono yake ilikwenda polepole sasa, na Innocent naye akapunguza sauti, akaacha kusema "anasema". Alitafsiri moja kwa moja, kana kwamba maneno ni yake:

"Nimekosa. Wamama wamechemsha mahindi sababu yangu, nimewaona, nimelia. Sitaki Papa Hangi aseme sikukosa. Kama siwezi kukosa, sasa miye si mufanyakazi, miye ni mutoto wa kuchungwa. Innocent alipokosa, ulimukaripia, akabaki. Nikaripie na miye."

Katika miaka yangu yote nimekaa kwenye semina nyingi, za Goma na za kwingine, zenye karatasi za rangi ukutani. Hakuna iliyonifundisha zaidi ya hapo. Nilikuwa nimekwenda Mweso kumtafutia Riziki udhuru, wakati yeye alikuwa anataka haki ambayo kila mfanyakazi anayo bila kuifikiria: kukosea kosa la kawaida, kukemewa, na kesho kurudi kazini.

Papa Kambale alizunguka mashine mara moja. Aligusa ile rozari ya unga. Nilijua anapigana na nini. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akishikwa na haki yake mwenyewe anaumia. Hatimaye akasimama mbele ya Riziki.

"Innocent nilimukaripia namna gani?" akauliza.

"Kwa nguvu, Papa," akajibu Innocent.

"Basi simama hapo. Tafsiri yote. Usiruke kitu."

Na akaanza. Mama yangu! Alikaripia tangu chujio mpaka nyundo, tangu nyundo mpaka bei ya mafuta, tangu mafuta mpaka vijana wa leo wanaoangalia mavazi ya maharusi kana kwamba nguo itasaga mahindi. Alitikisa vidole, alipiga mapaja. Innocent alitokwa jasho akimkimbiza kwa mikono, na penye neno gumu alilitengeneza yeye mwenyewe. Riziki alisimama wima, kichwa kimeinama kama inavyopasa, lakini mimi nilikuwa upande wake nikauona uso. Sijawahi kumwona mtu anayekaripiwa akiwa na amani vile.

Papa Kambale alipoishiwa pumzi, alifuta paji la uso. "Kesho saa kumi na mbili," alisema. "Asichelewe. Na huyu Innocent pia asichelewe."

Chujio lilifika siku ya nne. Kabla halijafika nilimwuliza Riziki meza iwekwe wapi. Nilimwuliza kwa kumpa chaki. Alichora alama mahali ambapo nisingepachagua, mshazari kidogo, mguu mmoja nje ya mstari wa ukuta. Macho yangu ya seremala yaliumia, lakini niliiweka hapo. Mwanga uliipata kuanzia asubuhi mpaka kufunga, na bado aliziona nyuso za wateja. Mama mmoja aliyekimbia kutoka kijiji cha mbali alikuwa wa kwanza kwenye foleni siku ya kuwasha. Aligusa picha ya unga laini, akatazama unga ukitoka, akamshika Riziki mkono wenye unga kwa muda. Wala hakuna aliyehitaji kutafsiri.

Tangu Mweso tulibadili namna ya kufanya kazi. Mlango uliendelea kuwa mwanzo, si mwisho. Tulianza kuwauliza wenye biashara maswali ambayo hayana kipimo: mfanyakazi wako akikosea unamfanya nini? Kuna nani wa kumfundisha mgeni? Nani anaweza kupanda cheo hapa? Wengine walituona wasumbufu. Mama Sifa alisema hiyo ndiyo kazi, kusumbua kwa adabu. Siku hizi ameacha ofisi, yuko Kirotshe na vitenge vyake, na naambiwa wenye maduka wa pale wakimwona anakuja wanaanza wenyewe kuondoa masanduku njiani.

Kisha mapigano yakaikaribia Mweso, kama yalivyokaribia mahali pengi, na watu wakaanza tena kufunga mizigo. Papa Kambale hakungoja. Alifungua mashine yake kipande kwa kipande, akaipakia kwenye lori, akaelekea Walikale. Kila mtu alijua kwamba lori lile lilikuwa na nafasi ndogo. Watu wake wawili hakuwaacha: Innocent na watoto wake wanne walipanda juu ya magunia, Riziki alikaa kabini na chujio mapajani. Hakuna ripoti iliyomwomba afanye hivyo.

Safari yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya huko. Ofisi ilipokea ujumbe kwamba mashine ya Papa Kambale imepata kazi nyingi Walikale, kati ya wakulima wa mpunga na muhogo na watu wa njia ya migodi ya Bisie, na kwamba anajenga nyumba mpya ya kusagia. Nilibeba vifaa vyangu vyote. Siku tatu kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, na mwendeshaji aliyeimba nyimbo za dini kila tulipoteleza. Nilijiambia kwamba nitaijenga nyumba ile vizuri kuliko zote, iwe ya kuagia.

Nilipofika kuta zilikuwa zimenipita kichwa. Papa Kambale, mvi zimemjaa, alinipokea kwa mikono miwili.

"Umechelewa, Papa Hangi," alisema akicheka. "Uliza chef wa shantie."

Mkuu huyo wa ujenzi alikuwa Riziki. Siku hizi yeye ndiye anayesimamia mashine, kwa hiyo nyumba ya mashine ilikuwa yake kuipanga. Alikuwa na ubao uliochorwa kwa makaa, na mafundi wawili wa Walikale walikuwa wamekwisha kujifunza mikono yake ya lazima: hapa, pale, vunja, sawa. Nilizunguka nyumba kwanza, kama kawaida yangu. Kizingiti kilikuwa sawa na ardhi. Mlango ulikuwa mpana. Meza ya kuchambulia ilikuwa na mahali pake penye mwanga. Kulikuwa na benchi la wateja pembeni, na kando ya benchi nafasi tupu, na nilipomwuliza ni ya nini, Innocent alitafsiri: ya mtu anayekuja na kiti chake mwenyewe, ili asikae njiani kama mzigo.

Nilitafuta la kusahihisha, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali. Nikaliona dirisha. Lilikuwa chini mno, nikasema liinuliwe. Riziki alitikisa kichwa. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye tofali, akaniambia kwa kidole nitazame. Nikiwa nimekaa niliona ndani yote, mpaka kwenye injini. Aliyesimama angeinama kidogo tu. Nikaliacha lilivyo.

Mafundi walikuwa wanainua boriti ya mlango. Mmoja alikuwa juu ya ukuta, na upande wa pili ulihitaji mtu. Riziki alitazama huku na huku, akaniona nimesimama na mfuko wangu wa vifaa ambao haukuwa umefunguliwa. Akaniita kwa kichwa.

"Anasema ushike hapa," Innocent alitafsiri. "Usisukume mpaka yeye akuambie."

Niliweka mfuko chini. Nikaingiza bega chini ya ile boriti, mti mzito wa msituni uliokuwa bado na unyevu, nikainua macho nikautazama mkono wa Riziki, nikangoja.